Tumemtunza Mgeni Hadi Anataka Kuhama

Mpendwa Bi Bashira, naomba unisaidie na uniharakishie, maana Ijumaa mwalimu wa chuo anakuja kumchukua mgeni wangu na mimi sijui nimekosea wapi.

Nakaa Ng'ambo na mume wangu Tahir na binti yetu Sumaiya, na tangu mwezi uliopita tunaishi na msichana kutoka Hungaria anayeitwa Ilona, amekuja kusoma Kiswahili, chuo kilituomba akae kwetu aishi kama mtoto wa nyumbani, nami nikakubali kwa moyo mmoja, nikamtoa Sumaiya chumbani mwake, nikanunua pazia jipya, nikaazima meza kwa shemeji yangu, kwani sisi wenyewe tunakula chini kwenye mkeka, sinia moja, lakini yeye nilimwekea sahani yake na uma na kitambaa, kuku akipikwa paja ni lake, jikoni sijamruhusu kuingia hata siku moja, akishika ufagio nampokonya, sasa niambie Bi Bashira, mgeni anatunzwaje zaidi ya hapo?

Basi wiki iliyopita jirani yetu Bi Sichana alituletea sahani ya mikate ya ufuta, tukala, na Ilona kwa adabu zake akaiosha ile sahani ikang'aa, akatoka nayo mwenyewe, akairudisha tupu. Tupu! Wewe unajua kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, huna kitu utatia hata chumvi, mimi nilitaka ardhi ipasuke, lakini aliporudi anatabasamu nikamwambia, "Ahsante mwanangu, umefanya vizuri," kisha nikapita uani na ndizi kwenda kumwomba radhi Bi Sichana, tukacheka, nikadhani yameisha. Juzi ikaja sahani nyingine, akairudisha vilevile, nami mbio tena uani, na safari hii akanifuma kwa Bi Sichana nimebeba maembe kwenye kanga, akauliza kuna nini, na Sumaiya akamweleza yote huku anacheka.

Yule mtoto alilia, Bi Bashira. Aliniambia, "Mama, Sumaiya akikosea, sauti yako inafika barabarani. Mimi nikikosea, unanichekea. Mimi si wa hapa." Akapiga simu chuoni kuomba ahamie bweni. Tahir ananambia, "Mwache ende zake, usimlazimishe," na Sumaiya anataka chumba chake, lakini mimi nimeshamzoea, kila asubuhi akinipa ile shikamoo yake iliyopinda moyo wangu unafurahi, na nyumba bila yeye naiona itapwaya. Nimpe nini zaidi ili abaki?

Kidawa, Ng'ambo

Bi Kidawa,

Umpe nini zaidi? Usimpe kitu! Ulivyompa vimeshamtosha mpaka vimemkimbiza. Pole, maana nia yako ni njema na sina shaka pazia ni zuri. Lakini hebu kaa wewe kwenye hiyo meza ya shemeji, peke yako, uma mkononi, uwatazame wenzio chini wanagombania ukoko na kucheka, halafu uje uniambie paja la kuku lilikuwa na ladha gani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hayo umeyasikia tangu utotoni, nawe mwezi mzima unampokonya ufagio! Tena ukamwita mwanangu huku unamdanganya. Ndiyo, ulimdanganya. Ulimwambia kafanya vizuri, ukapita uani na ndizi zako, ukamwacha atembee mtaani kama aliyevaa kanga iliyotoboka mgongoni, kila mtu anaona ila yeye. Mgeni ndiye tunayemfichia kosa lake. Mtoto tunamwambia. Ilona hilo kaling'amua kabla yako, naye Kiswahili ndio kwanza anajifunza.

Sasa sikiliza. Meza irudi kwa shemeji leo hii. Machozi yako yaweke, wala usimbembeleze abaki. Mwombe radhi mara moja tu kwa kumficha, kisha mwite jikoni, mkalishe kwenye mbuzi, mpe nazi akune. Atajikwangua vidole na nusu ya nazi itaishia sakafuni, lakini ole wako umpokonye. Sumaiya naye mwambie aache kumcheka mwenzake, amfundishe, na akitaka chumba chake walale pamoja, nafasi haikosekani. Mwalimu akija Ijumaa amkute Ilona ana tui mpaka viwikoni, amuulize mwenyewe. Akisema bado anataka bweni, mfungashie chakula aende kwa amani, ingawa sidhani.

Na Bi Sichana akileta sahani tena, najua miguu itakuwasha. Tulia hapo hapo ulipo. Ikirudi kwake na kitu ndani, mshukuru Mungu. Ikirudi tupu, simama mlangoni umwite Ilona kwa sauti ileile inayofika barabarani, umgombeze mpaka Bi Sichana asikie. Akiitikia "Naam, mama!" huku kanuna kama Sumaiya, usimfuate kumbembeleza. Na majirani wakikuuliza mgeni wako yuko wapi, waambie keshaondoka, umebaki na mabinti wawili.

Bi Bashira