Kikapu cha Mama Sifa

Mjukuu wangu Furaha,

Wengi wanaokwenda kambini hukosea jambo moja: hupanga chakula wanachopenda, wakasahau moto watakaopikia.

Hapa Kirolirwe, Masisi, tuko wazima. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa, na bibi yako anakusalimu sana.

Umeniuliza wewe na wenzako mbebe nini kwa siku tatu za kambi ya vijana. Nilipokuwa na umri wako, mimi na mdogo wangu Bahati tulikwenda Mpofi kwa miguu, kwenye harusi. Tulibeba maharage makavu na sufuria kubwa ya nyumbani. Msituni mvua ikaloesha kuni zote. Tulipuliza moto tangu mchana, maharage yakabaki magumu, na Bahati akaanza kutetemeka kwa njaa.

Mama mmoja mkulima wa msitu, Mama Sifa, alitukuta hapo akacheka.

"Batoto ba Masisi! Sufuria hii iko ya kunyweshea ng'ombe? Mutakula saa ngapi?"

Akafungua kikapu chake. Ndani yake mlikuwa na chikwangue, ule mkate wa muhogo unaopikwa ndani ya majani, na samaki wa moshi. Akampa Bahati kwanza.

"Na moto, Mama?" nikauliza.

"Moto niliacha kwangu, kwenye kuni kavu."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, lakini bado namstaajabia mama yule. Kazi ngumu yote aliimaliza kabla ya kutoka mlangoni.

Leo hii, pika nyumbani chakula unachotaka kubeba, uhesabu saa zinazopita mpaka kiive; kinachochukua saa nyingi, kibebe kikiwa kimeiva tayari.

Babu yako