Ulikaa Ndoani Kama Mgeni, Apiyo

Apiyo, pacha wangu,

Jana Odhiambo alikuja hapa Homa Bay na Awino, binti yenu. Nataka kukueleza alichokuja kutaka na nilivyomjibu, lakini siwezi kuanzia hapo. Mambo ya ndoa yako hayakuanzia kwa mumeo Macalder. Yalianza kabla wewe na mimi hatujajua hata kuongea vizuri.

Mimi nilizaliwa mgonjwa mgonjwa. Wewe ulikuwa na nguvu. Na Waya, dada yake baba, alikuwa kule Migori na duka lake la nafaka, hana mtoto. Kwa hiyo ulipoachishwa ziwa ukapelekwa kwake. Hakuna aliyesema umetolewa. Walisema unaenda kumpa Waya kampani.

Waya hakuwa mkatili, lazima niseme hilo. Alikusomesha, na kila Sabato ulienda kanisani na soksi nyeupe ambazo mimi nilizionea wivu. Lakini alikuwa na neno lake moja ambalo hata mimi nililisikia nilipokuja kukutembelea: "Ukiwa kwa watu, huombi. Unangoja upewe." Ukajifunza kula kidogo, kuamka kabla ya wote, kuosha kikombe kabla hakijapoa.

Unakumbuka likizo ile ulipokuja nyumbani, siku ya jua kali, tulipotoka ziwani kufua? Mimi nilichota maji mtungini nikanywa, mengine nikayamwaga. Wewe ulisimama mlangoni ukamwuliza mama, "Tafadhali, naweza kunywa maji?"

"Nyathina," mama alisema, "mtoto wangu, haya si maji yako?"

Ukasema asante, na bado ukaendelea kusimama mpaka alipokuchotea mwenyewe. Baadaye nilimkuta jikoni akilia. Aliniambia ni moshi.

Odhiambo alikuona dukani kwa Waya alipokuwa akija Migori kutafuta vipuri vya kinu chake, kile cha kusagia mawe ya dhahabu. Siku walipoleta ng'ombe wa mahari alinivuta kando, anacheka kwa furaha. "Shemeji, nimepata mwanamke asiyenisumbua. Haombi simu, haombi nguo, wala hanuni." Nami nilicheka. Nilidhani ni sifa.

Awino alipokuwa bado anatambaa nilikuja kuwaona Macalder. Vumbi la kinu lilikuwa limejaa hadi kwenye majani ya mihogo. Odhiambo aliingia na mbuta mkubwa, amembeba kwa mikono miwili kama mtoto.

"Apiyo, umempenda?"

"Ni mzuri. Asante."

Alikaa akikutazama, anangoja kitu zaidi. Ulimpika samaki, ukatupakulia, ukarudi jikoni.

"Njoo ule na sisi," alikuita.

"Nimeshaonja huku."

"Sijauliza kama umeonja. Nimesema njoo!"

Ulikuja ukaketi ukingoni mwa kiti. Ukamega tonge dogo, kisha ukauliza kama kuna anayetaka maji. Aliisukuma sahani akatoka. "Nimekosea nini, Adongo?" uliniuliza kwa sauti ya chini, na nikaona kwamba kweli hujui. Yeye alitaka kuhitajiwa na mke wake. Wewe ulikuwa unajitahidi usiwe mzigo kwa mwenye nyumba. Kila ulivyojitahidi, ndivyo alivyoona unamdharau.

Baada ya hapo alinuna. Kisha akapata mwanamke mjini Migori, ambaye alimwomba kila kitu, na hilo likamfurahisha. Kisha ikawa mikono. Matangani kwa baba niliona alama shingoni mwako, leso ilipoteleza. Nilikushika nikakuambia, "Mwache. Rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?" ulisema.

Hukusema kwa hasira. Ulikuwa unauliza kweli.

Uvimbe wa titi uliuficha vivyo hivyo. Ulifunga kitambaa juu yake, ukapika, ukafua, mpaka uvimbe ukapasuka na harufu ikakusaliti. Nilipofika wodini daktari alikuwa ameshasema hakuna la kufanya. Nilikuuliza kwa nini hukumwambia mtu. Ukanijibu, "Odhiambo alikuwa na mambo mengi ya kinu." Hapo nilimtukana mume wako matusi yote ninayoyajua. Ulinishika mkono, nikashtuka jinsi vidole vyako vilivyokonda.

"Mimi nampenda," ulisema. "Sijui tu mtu huwa anaanzaje kusema."

Sasa jana. Alikuja amekonda, shati halijapigwa pasi. Awino alinisalimia, akakaa karibu na mlango.

"Shemeji, nimemleta," Odhiambo akasema. "Mlee wewe. Mimi mambo ya mtoto wa kike siyajui."

Apiyo, unajua Mungu hakunipa mtoto. Tangu tukuzike nimekuwa nikimtandikia Awino kitanda moyoni. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kupokea begi. Ndipo aliponiuliza, "Mama mdogo, niliweke wapi lisiwasumbue?"

Nikaurudisha mkono.

"Hapana, shemeji. Rudi naye."

"Unamkataa mtoto wa dada yako?"

"Nakataa apelekwe kwa watu. Shule zikifungwa nitakuja, nitamsuka, nitamfulia. Lakini alale kwa baba yake. Na akuombe vitu mpaka uchoke."

Odhiambo aliketi. Kisha akasema huku akiangalia sakafu, "Mama yake hakuwahi kuniomba kitu. Nilimpiga ili aseme neno, Adongo, hata neno baya. Asubuhi ananiuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Sijui kama alinipenda hata siku moja."

Nilitaka sana kunyamaza. Nilitaka azeeke na swali hilo. Mikono yake haina udhuru, wala mimi sitamtafutia. Lakini yale maneno yako ya wodini hukumpa mtu mwingine ila mimi, na yalikuwa yake. Nikamwambia kama ulivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza.

Alitoka nje akasimama kando ya ua, ametupa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Baba analia?" Awino aliniuliza.

"Ndiyo. Analia."

"Nifanye nini?"

"Nenda umuulize mwenyewe."

Alienda polepole, akamshika suruali. Sikusikia walichoambiana. Niliona tu Odhiambo amechuchumaa mbele yake. Baadaye aliingia akachukua begi, wakashika njia ya stendi pamoja. Sijui kama ataweza. Sijui kama nilifanya vizuri au nimempeleka mtoto wako kwenye mikono ileile. Nitaenda kuangalia, na nikiona alama nitamchukua, hata wakiniletea chifu.

Walipopotea kwenye kona nilikaa chini mlangoni nikalia kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakaja mbio. Mmoja alinishika bega akauliza, "Adongo, unataka nini? Tukuletee nini?"

Nikawaambia namtaka Apiyo.

Pumzika, mwenzangu wa tumbo moja.

Ni mimi pacha wako,
Adongo