Sasa Wanampeleka Mwingine Kupimwa

Mpendwa mama mkwe,

Tangu tukuzike Busiu sijapata mtu wa kuzungumza naye habari za tumbo langu. Huku Jinja majirani wa kambi ya magereza wananisalimia vizuri, wananiuliza hali ya Mafabi mwanao, kisha wanawaita watoto wao waingie ndani. Nimezoea. Lakini jana nilipigiwa simu na wifi yako, shangazi yake Mafabi. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua huwezi kunijibu.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwaka wa pili wa ndoa ulinijia na mfuko wa mizizi kutoka mlima wa Wanale, ukaichemsha mwenyewe jikoni kwangu, ukanisimamia mpaka nikamaliza kikombe. Nilitapikia uani, na wewe ukacheka hadi ukakaa chini. Wewe Mgisu wa Mbale, mimi Msoga wa huku Jinja, tukaelewana kwa Kiswahili chako ulichookota kambini ulipokuwa mke wa askari jela. "Hii dawa nasaidia watu mingi," ukaniambia. "Ikikataa tunaenda kwa daktari, mimi na wewe." Ilikataa, na kweli tukaenda.

Sikutegemea hivyo. Nilidhani utafanya kama mama wakwe wengine, utangaze kwamba mwanao ameoa mgumba. Badala yake ulinisubiri stendi ya Mbale kila nilipopangiwa kliniki, ile ya sehemu ya viwandani nyuma ya maghala ya mahindi, umevaa gomesi yako ya kijani. Siku ya kupiga picha ya mirija, walipoingiza ile dawa ya maji kupitia njia ya uzazi ili waone kama imeziba, niliumia nikadhani nakufa. Muuguzi alikufukuza, ukasogea hatua moja tu. Ulibaki mlangoni ukiniita jina langu mpaka wakamaliza.

Mirija ilikuwa wazi. Nikapewa vidonge vya kuamsha mayai, nikavimeza mwezi baada ya mwezi, na kila nilipokupigia kukwambia nimeona damu, uliniuliza nimekula nini. Mwishowe daktari akasema hana la kunifanyia zaidi kabla hajampima mume. Ulimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Daktari, mutoto yangu nasimama imbele ya kisu. Hapana kupepesa jicho. Watu yote ya Busiu naona."

Sikukushangaa, maana hata mimi niliamini hivyo. Mwanamume aliyetahiriwa hadharani, amesimama wima na unga usoni huku ukoo mzima unamkodolea macho, nani atamwuliza tena habari za uanaume wake? Kumwambia akajipime ni kumwita mvulana. Daktari, naye Mgisu, alitabasamu tu. "Mama, hata mimi nilisimama. Ile kisu inapima roho, hapana kupima mbegu."

Mama hazungumzi mambo hayo na mwanawe aliyekwisha tahiriwa, ni aibu kubwa, lakini wewe ulizungumza. Sijui ulimwambia nini kule kwenye migomba yako ya Busiu. Niliwaona mkirudi tu, yeye mbele amekunja uso, wewe nyuma unajipangusa macho kwa leso. Akakubali. Alipimwa, akarudia baada ya wiki kadhaa kama walivyotaka, na mara zote mbili jibu likawa lile lile: hapakuwa na mbegu hata moja.

Daktari hakutukatisha tamaa. Alisema damu yake ipimwe kwanza, ijulikane kama mbegu hazitengenezwi au zinatengenezwa ila njia imeziba. Kama ni njia, kuna upasuaji wa kuizibua, au huko Kampala wanazivuta kwa sindano kutoka kwenye korodani, wanaingiza moja ndani ya yai langu maabarani, kisha wananirudishia tumboni. Inaweza kushika, inaweza kutoka. Zikikosekana kabisa, kuna mbegu za mtu mwingine, au kuchukua mtoto tukamlea. Wewe ulipenda ile ya sindano, ukamwuliza daktari mara tatu kama inauma. Mafabi alivaa kofia yake ya askari jela, akatoka, na hakurudi tena kliniki. Ile damu haijapimwa mpaka leo.

Nilitaka kuwaambia ukweli wale waliokuwa wananisema, ukanizuia. "Wewe nyamaza kwanza. Wewe ukisema, ukoo itasema natukana bwana yako. Mimi nazaa yeye, mimi nasema." Nikanyamaza, nikikungoja. Ukaugua, ukafa kabla hujasema. Sikulaumu, mama, ila umeniacha peke yangu na jambo zito.

Matanga yalipokwisha shangazi akasimama, akasema nyumba ya Mafabi haiwezi kubaki bila mtoto kwa sababu ya Msoga mmoja. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Wakamtafutia binti wa Namatala, pale pale Mbale, muuza nyanya, mdogo, mpole. Mafabi amempangia chumba huko huko, na akipata likizo anapitiliza Mbale. Akirudi ananiletea ndizi na kuniambia, "Vumilia, watachoka." Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tunalala kitanda kimoja na sina wa kuzungumza naye.

Sasa, hiyo simu. Shangazi alikuwa na sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia. Kumbe binti naye hajashika mimba. "Wewe najua hizi kliniki," akasema. "Elekeza sisi ile ulikuwa naenda. Tunataka wapige yeye ile picha ya mirija."

Nililia, na si kwa ajili yangu. Yule binti atalazwa juu ya ile meza, atatafutiwa ugonjwa ambao mimi najua uko kwa nani. Atapewa vidonge, atahesabu siku, atajichukia kila akiona damu. Nilimwambia shangazi nitampigia baadaye, nikakata.

Leo mchana nimemwomba Mafabi aseme mwenyewe. Amevaa sare, ameenda zamu. Basi nitakwenda mimi. Kesho napanda gari la asubuhi mpaka Namatala, nikamtafute binti kabla shangazi hajampeleka. Naogopa, mama. Watu watasema ni wivu wa mke mkubwa, na yeye mwenyewe anaweza kunifungia mlango. Mafabi akijua nimetoa siri yake, huenda nikakuta mizigo yangu nje, na ile safari ya Kampala ambayo bado naiota itakuwa imekwisha. Nitakuwa sina mtoto, sina mume, na wewe haupo wa kukimbilia.

Nitamwambia maneno machache tu: usikubali kuguswa wewe kabla Mafabi mwenyewe hajapimwa damu.

Mimi sijazaa, mama. Lakini yule naye ni mtoto wa mtu.

Nakuaga hapa, alfajiri inanisubiri. Leo usiniombee mimba, niombee nisirudie njiani.

Mimi mkaza mwanao,
Jinja