Kicheko cha Mfaume Kaburini

Kwihara, Tabora
12 Agosti 1954

Mpendwa kaka Tobias,

Shikamoo. Habari za huko Tanga kwenye mkonge? Kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila baba haamki tena kitandani, hata uji anakunywa kwa kubembelezwa.

Kaka, nina hasira, nivumilie. Mwezi uliopita gari la sinema lilikuja Kanyenye. Picha yenyewe kuukuu, nyuso huzioni sawasawa, na bwana mmoja akitufasiria Kizungu chake kwa kipaza sauti. Tajiri anatiliwa sumu kwenye kahawa. Jamaa zake wanasimama makaburini kama wanangoja treni, halii mtu. Mpwa wake akacheka. Basi, inspekta akamkamata huyo huyo, eti aliyecheka ndiye aliyeua. Kikombe kilipita mikononi mwa watu watatu, na hakuna aliyeulizwa. Upuuzi mtupu.

Ningeisahau, lakini unajua mjomba Bernardo alivyofariki ghafla wakati wa Pasaka. Asubuhi ile alikuwa amekunywa kahawa kwa Mfaume, fundi cherehani. Na Mfaume ni Mzaramo, mtani wetu. Kwenye mazishi alifanya kazi yake ya utani: akavaa kofia ya marehemu, akaiga kikohozi chake, akalala kaburini akicheka na kusema hatoki mpaka apewe jogoo. Tulicheka huku tunalia, hata mjane.

Baada ya picha ile, watu walewale waliocheka naye wakaanza kunong'ona. Mbona alicheka? Kahawa si ilikuwa yake? Sasa hakuna anayempelekea nguo kushona.

Juzi tulimzika jirani yetu Jilala. Mfaume alikuja, akakaa mkekani kimya. Nikasikia nyuma yangu, "Mnamwona, dhamira inamsuta." Nikageuka nimzabe kofi aliyesema, kumbe ni shangazi Bernadeta.

Nilimfuata Mfaume kwake kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, nikicheka nimeua, nikinyamaza nimeua. Msibani kwenu siji tena."

Baba hajui. Akisikia hatua uani anauliza kama ni Mfaume, maana waliahidiana tangu ujana kwamba atakayebaki ataruka kaburini mwa mwenzake na kumtukana mpaka watu wasahau kulia. Namwambia Mfaume ana kazi nyingi.

Njoo upesi, kaka. Wewe ndiye mkubwa, shangazi atakusikia, na Mfaume hatakukatalia. Sitaki tumzike baba kama yule tajiri wa kwenye picha.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie wifi Apolinaria na watoto. Mungu akufikishe kwetu baba akiwa bado anauliza.

Mdogo wako akupendaye,
Pelagia