Vidole vya Bi Somoe

Mama Neema wangu,

Habari za huko nyumbani? Niko hospitali ya misheni na Bi Somoe, jirani yetu anayedai kila asubuhi vidole vyake havikunjiki, ilhali alasiri tunamwona anatwanga muhogo. Tangu vita viwake ng'ambo ya Ruvuma tunashukiana sote, nami katibu wa kijiji nikaona huyu anakwepa shamba la ujamaa. Nikamleta mwenyewe ili daktari amwumbue.

Asubuhi hii tumeonyeshwa picha ya eksirei. Mifupa ya vidole imeliwa pembeni kama boriti yenye mchwa. Bi Somoe akaguna, "Mke mwenzangu huyo, ananila kwa uchawi."

Daktari akakataa. "Kila mwili una chembe za kubomoa mfupa mkongwe ili mpya ujengwe. Uvimbe huu wa viungo ndio unaoziita chembe hizo, mama, na kwako hauchoki kuita. Asubuhi viungo hukakamaa, mchana hulegea."

Nikamvuta daktari kando, nikamwuliza kama mtu anaweza kujifanya. Akanipa ile picha niishike.

Nje tukaletewa uji. Bi Somoe akasema, "Ninyweshe, Katibu. Mikono yangu si umeshaichunguza?" Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Kadi hii anakuletea dereva wa lori. Nibusie Neema, nimewakumbuka mno. Halafu, pale mezani kuna orodha ya wavivu itakayosomwa mkutanoni Ijumaa, na jina la Bi Somoe ndilo la kwanza. Ichome. Mwenyekiti akiuliza, mwambie imeliwa na mchwa.

Baba Neema