Kijumba cha Mkulo

Lushoto,
Jumanne asubuhi

Dada Evelina,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta mzima, wewe na mjukuu wako Happiness, na kifua kimetulia. Sisi hatujambo, ila ukungu huku wiki ya tatu haujanyanyuka. Emanueli anayekuletea nimemwambia akuite uani. Tafadhali kaa hapo hapo kwenye jiwe la kufulia uisome, na mtoto awe karibu yako.

Unaijua kazi yangu ya jioni, kutengeneza vijumba vya mfano. Mke wangu Paskalina anacheka kwamba mzee mzima nachezea midoli. Safari hii niliianza nyumba ya baba, hiyo hiyo unayokaa hapo Mtae, kila mita nikaifanya sentimita tano. Zana ni zile zile: wembe, msasa, kibano cha Paskalina, gundi nyeupe ya shuleni. Bati nilikata kopo la maziwa, nikalikunja kwa spoku ya baiskeli. Mbao ndiyo ilinishinda. Nilitaka mti wa mkulo, kinukie kama kwetu, na mkulo siku hizi haukatwi.

Nilipokimaliza, fundi Kristian alikinusa akasema hii kweli ni nyumba ya wazee, akauliza mkulo nimeutoa wapi. Nikamwambia ni kitanda cha zamani.

Juzi Jumapili nimekikuta paa limelala juu ya vitanda. Nguzo yake ya kati nilikuwa nimeiunga kwa unga wa mbao na gundi. Ukungu umeingia dirishani, ule unga umelainika kama uji. Na siku hiyo hiyo ukaniambia kwenye simu kwamba mlango wa chumbani umeanza kugoma kufunga, eti nyumba inazeeka kama mwenyewe. Sikuweza kucheka. Nikauliza habari za mahindi, nikakata simu.

Dada, mkulo ule niliutoa kwenye nguzo ya kati, huko stoo nyuma ya magunia. Ilikuwa Pasaka nilipokuja hapo, mlipokwenda kanisani nikasema tumbo linaniuma. Nilikata kipande kimoja, kikapasuka, nikakata kingine, na kingine. Nguzo ya baba imebaki unene wa mkono wa Happiness. Shimo nililijaza unga wa mbao na gundi ile ile, nikapaka masizi ya jikoni. Uliporudi ulipashika hapo hapo, ukasema baba alijua kuchagua mti. Nikaitikia.

Sasa umejua kwa nini uko nje, na kwa nini sikupiga simu: ningeuliza tena habari za mahindi. Usirudi ndani, hata kwa Biblia ya baba, hata kwa dawa zako. Laleni kwa jirani yenu Rukia. Kesho naja na Kristian, tunaleta magogo ya kuegemeza. Nikifika unifokee hapo uani, watu wote wasikie. Nitanyamaza.

Wasalimie wote hapo. Happiness usimsalimie tu, mshike mkono sasa hivi.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,
Tobia