Ukaguzi wa Bunduki ya Mbweha

Mwanangu Gethin, huko Australia,

Mimi mzima, kondoo wazima, paa linavuja palepale. Juzi askari wa mambo ya silaha alipanda mlima wetu kunikagua, ndipo nipewe tena cheti cha bunduki. Bila cheti, mbweha watanimalizia wanakondoo. Kijana mwenyewe kavaa viatu vya mjini! Nikamwambia, "Nilikuwa natungua mbweha baba yako hajaota ndevu."

Akacheka, akatikisa kabati la chuma ninamofungia bunduki.

"Ufunguo wake, mzee, nani mwingine anajua ulipo?"

"Hakuna."

"Hata watu wa nyumbani?"

"Watu wa nyumbani ndio mimi. Mke wangu nilimzika, mwanangu yuko ng'ambo. Humu haingii mtu."

"Safi kabisa! Wengi huanguka hapo."

Umeona? Baba yako kafaulu bila kusoma. Nikamkatia keki ya zabibu, nikamwongezea chai, nikamwonyesha hata mbwa. Akaaga, akasema cheti ni cha miaka mitano, ndipo atarudi. Nikamwuliza kama sheria haitaki mkaidi kama mimi akaguliwe kila mwaka.

Akasema haitaki.

Ni mimi baba yako, mlenga shabaha,
Ithel